Ufunguo Usioazimwa: Usalama wa Taarifa za Chuo Kikuu Huanzia Shuleni

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wengi huteremka kutoka vijiji vya Milima ya Upare, kama vile Chome, Suji, Mbaga na Mamba, wakaenda mjini Same. Haja yao ni kuomba nafasi katika chuo kikuu na, kwa walio wengi, kuomba mkopo wa kulipia masomo. Maombi yote mawili hufanywa siku hizi kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa kijana hana kompyuta, na pengine simu aliyoishika ni ya mjomba wake, huingia katika duka la steshenari, akaketi kwenye benchi pamoja na wenzake, akangoja zamu yake.

Mhudumu wa duka humfungulia anwani ya barua pepe, humtungia neno la siri, humjazia fomu, kisha huandika kila kitu katika daftari lake mwenyewe ili kisisahaulike. Wapo wahudumu wanaowapa wateja wao wote neno moja la siri, kwa sababu ni rahisi kulikumbuka. Kijana hulipa, hushukuru na kurudi nyumbani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo, tangu saa hiyo tarehe yake ya kuzaliwa, matokeo yake ya mitihani, habari za wazazi wake na matumaini yake ya mkopo yote yamo nyuma ya mlango ambao ufunguo wake umo katika daftari la mtu mwingine.

Miezi michache baadaye kijana huyo yuko Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma. Chuo kimempa akaunti yake, na pamoja nayo kanuni za matumizi ya kompyuta ambazo ametia sahihi bila kuzisoma. Kanuni zinasema kwamba neno la siri ni la mtu mmoja. Lakini somo alilolipata Same, kwa vitendo, lilikuwa kwamba neno la siri hupewa yeyote anayetoa msaada. Basi anampa mwenzake wa chumbani amtumie zoezi lake kwa mhadhiri. Anampa rafiki atazame matokeo kwa niaba yake. Na akiambiwa kwa simu na mtu asiyemjua kwamba akaunti yake itafungwa, humpa huyo pia.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo makala haya yanakusudia kulieleza. Vyuo vikuu hununua mitambo ya ulinzi na kuajiri mafundi, navyo hufanya vema. Lakini tabia inayoufungua mlango wa chuo hujengwa kabla mwanafunzi hajafika chuoni. Kwa hiyo usalama wa taarifa za chuo kikuu hauna budi kuanza katika shule ya sekondari, na mwalimu wa sekondari ana sehemu kubwa ya kazi hiyo kuliko anavyodhani.

Ndiva na zamu ya maji

Wako watakaosema kwamba kumnyima mwenzako neno la siri ni uchoyo, na kwamba mila za Kiafrika ni za kushirikiana. Hoja hii husikika sana katika mabweni ya wanafunzi, nayo inastahili jibu. Jibu lake linapatikana papo hapo Upareni.

Katika miteremko ya milima hiyo, kwa mfano katika bonde la mto Makanya, wakulima wameishi kwa muda mrefu kwa kutegemea ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji. Usiku maji huachwa yajae. Asubuhi tundu lake hufunguliwa, na maji yakateremka kwa nguvu ya kutosha kufika mashambani. Bila ndiva, maji kidogo ya mfereji yangenywewa na ardhi kavu njiani. Ndiva ni mali ya wengi. Ikijaa mchanga husafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na ukuta ukipasuka huzibwa kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo, ushirika huo haukumaanisha kwamba kila apitaye aweza kulifungua tundu apendapo. Zipo zamu, na yuko anayekabidhiwa kazi ya kugawa maji. Anayefungua nje ya zamu yake hawi mkarimu. Ni mtu anayewanyima maji walio chini. Kwa maneno mengine, wazee wa Upare walikwisha kutambua kwamba mali ya wote hudumu kwa sababu mlango wake una utaratibu. Mtandao wa chuo kikuu ni ndiva ya namna hiyo. Maji yake ni taarifa: alama za wanafunzi, hesabu za fedha, matokeo ya utafiti wa miaka mingi. Neno la siri ni zamu ya mtu mmoja, na anayeliazima huazima kitu kisichokuwa chake peke yake.

Siri ilianzia chuoni

Si jambo la bahati kwamba mfano wa mwanzo kabisa wa maneno ya siri katika kompyuta ulitokea katika chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha Tekinolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kompyuta ilikuwa ghali mno, na kila mtumiaji alipimiwa saa zake. Ili kila mmoja awe na mafaili yake na saa zake, alipewa neno la siri.

Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizopimiwa hazitoshi kwa utafiti wake. Alifahamu kwamba maneno ya siri ya watumiaji wote yamehifadhiwa katika faili moja ndani ya mashine, basi akapeleka ombi la kuchapisha faili hilo. Mashine ikatii. Scherr akapata maneno ya siri ya wenzake wote na kutumia saa zao. Mwenyewe aliyasimulia hayo miaka mingi baadaye.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba aliyeuvunja ulinzi huo hakuwa adui wa chuo wala mwizi wa kutoka nje. Alikuwa msomi mwenye haja. La pili ni kwamba kosa halikuwa lake peke yake, kwa maana waliotengeneza mfumo waliweka funguo zote katika sanduku moja lisilofungwa. Siku hizi mfumo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi neno la siri lenyewe. Hulipitisha katika hesabu fulani na kuhifadhi jawabu tu. Mwanafunzi wa Mamba, ambako tangawizi hulimwa kwa wingi, ataelewa upesi: ni rahisi kuisaga tangawizi ikawa unga, lakini hakuna awezaye kuurudisha unga ukawa tangawizi. Mfumo husaga neno unaloliandika na kulinganisha unga kwa unga.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Katika mwezi wa Oktoba 2019, watumishi wa Chuo Kikuu cha Maastricht, nchini Uholanzi, walipokea barua pepe za uongo zilizofanana na barua za kawaida. Kiungo kilichokuwamo kilifunguliwa, na kwa njia hiyo wahalifu wakaingia katika mtandao wa chuo. Hawakufanya fujo. Walizunguka kimyakimya kwa muda wa miezi miwili, wakapata seva ambazo hazikuwa zimetiwa marekebisho mapya ya programu, wakajipatia mamlaka juu ya mtandao. Tarehe 23 Desemba, wakati wa sikukuu, walizifunga seva 267 kwa maandishi ya fumbo yasiyosomeka bila ufunguo wao. Nakala za akiba za baadhi ya mifumo muhimu zilikuwa zimeunganishwa na mtandao huohuo, nazo zikafungwa. Chuo kililipa bitikoini 30, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban euro 200,000, ili wanafunzi na watafiti wasipoteze kazi zao.

Ni dhahiri kwamba chuo hicho kilikuwa na mafundi hodari na fedha nyingi kuliko vyuo vingi vya Afrika Mashariki. Kilichokiponza kwanza ni mkono wa mtu aliyeamini barua. Mtanzania hahitaji kwenda Ulaya kuielewa mbinu hiyo. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008 na kuenea, wananchi wengi wamepokea ujumbe mfupi usemao kwamba ile hela itumwe kwa namba hii. Anayeutuma hajui kama unadaiwa; anabahatisha kwamba miongoni mwa maelfu yuko anayedaiwa leo. Udanganyifu wa aina hii haushambulii mashine. Hushambulia haraka, hofu na wema wa binadamu.

Hesabu ndogo ya darasani

Mwalimu wa hisabati anaweza kulifundisha jambo hili bila kompyuta hata moja. Namba ya siri ya tarakimu nne ina miunganiko 10,000 tu. Mashine inayoweza kujaribu miunganiko milioni moja kwa sekunde huimaliza yote kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Neno la herufi ndogo nane, likichaguliwa bila mpango kutoka katika herufi 26, lina miunganiko zaidi ya bilioni 208. Mashine hiyohiyo itahitaji takriban saa 58. Herufi zikifika 14, muda unaohitajika hupita miaka milioni mbili.

Mwanafunzi atakayeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake ataona mwenyewe kwamba urefu wa neno una nguvu kuliko alama za ajabuajabu. Lakini mwalimu aongeze tahadhari mbili. Kwanza, hesabu hiyo ni ya neno lisilotabirika. Jina la mama, mwaka wa kuzaliwa au methali inayojulikana na kila mtu havihitaji miaka milioni mbili, kwa sababu mjanja huanza na hivyo. Pili, neno refu kuliko yote halina faida yoyote likiwa limeandikwa katika daftari la dukani au likitumika katika akaunti kumi. Aidha, mtu asiyeweza kuyakumbuka maneno yake aweza kuyaandika kwenye karatasi na kuiweka nyumbani mahali pa salama. Mwizi wa mtandao aliye mbali hawezi kuifikia karatasi iliyo sandukuni huko Suji.

Wajibu wa anayekusanya taarifa

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Chuo humwuliza mambo mengi: namba ya kitambulisho, afya yake, kazi ya wazazi wake, akaunti yake ya benki. Anayeuliza mambo mengi ana wajibu wa kueleza sababu na wa kulinda anachopewa.

Watu wa Same wana historia katika jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa kikoloni ulianzisha Upareni kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Ili kuitoza, mali ya kila mtu ilibidi ikadiriwe, na namna ya kukadiria ikawa mojawapo ya malalamiko makubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi makao makuu ya wilaya mjini Same kuipinga. Habari hizo zilielezwa kwa kirefu na Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa. Watu wale hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba habari za mali ya mtu, zikiandikwa na mwenye nguvu kwa utaratibu usioeleweka, zaweza kuwa fimbo ya kumpigia.

Leo haki hiyo imo katika sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zilindwe, na inampa mhusika haki ya kuzijua na kuzisahihisha. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini na anayejifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Vyuo vingi huinukuu sheria ya pili katika kanuni zao mara nyingi kuliko ya kwanza. Mizani hiyo yapasa kusawazishwa. Mwanafunzi anayejua kwamba chuo kinaziheshimu taarifa zake atakuwa mwepesi zaidi wa kuziheshimu za chuo.

Kufunga mlango si dawa

Wapo wazazi na wakuu wa shule wanaoona kwamba njia ya salama ni kumweka mwanafunzi mbali na vyombo hivi mpaka akue. Katika shule nyingi za sekondari mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na sababu zake zinafahamika. Hata hivyo, marufuku peke yake haifundishi. Taifa lilikwisha kuonja jambo kama hilo. Serikali ilikuwa na kompyuta katika Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965. Lakini baada ya gharama na matatizo mengi, mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini bila idhini. Marufuku hiyo iliondolewa katika miaka ya 1990. Wakati huo dunia ilikuwa imekwenda mbali, na wataalamu wa nyumbani walikuwa wachache.

Shule inayokataza bila kufundisha hutenda vivyo hivyo kwa mtu mmoja mmoja. Kijana hutoka Kidato cha Sita akiwa hodari wa fizikia na kemia, akaingia dukani Same bila kujua kwamba anachokabidhi ni ufunguo.

Yanayopasa kutendwa

Kwanza, kila shule ya sekondari itenge vipindi vichache kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne na cha Sita kabla hawajaondoka. Wafundishwe kutunga neno la siri, kutambua ujumbe wa uongo, kufungua anwani yao wenyewe ya barua pepe, na kuiunganisha na namba ya simu ya mtu wa nyumbani wanayemwamini. Shule yenye kompyuta moja inatosha, na isiyo nayo yaweza kutumia ubao.

Pili, wenye maduka ya steshenari wasichukuliwe kuwa maadui. Ni wao wanaowavusha maelfu ya vijana. Wahimizwe kumwachia mteja kibodi wakati wa kuandika neno la siri, kutazama pembeni, na kufuta kumbukumbu katika kompyuta kabla ya mteja mwingine kuketi. Naye kijana aliyekwisha kujaziwa fomu abadilishe neno lake siku ileile.

Tatu, vyuo vikuu vifundishe kanuni kabla ya kudai sahihi, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Vieleze ni taarifa zipi vinazokusanya na kwa nini. Viweke nakala za akiba mahali pasipounganishwa na mtandao, na visicheleweshe marekebisho ya programu.

Nne, na pengine hili ndilo gumu zaidi, mtu aliyekosea asiogope kusema. Mwanafunzi au mhadhiri aliyebonyeza kiungo cha uongo akatoa taarifa saa ileile amekifaa chuo kuliko yule aliyenyamaza kwa hofu ya aibu. Adhabu iwe kwa anayevunja kwa makusudi. Anayekiri apewe msaada. Aliyeuona ufa katika ukuta wa ndiva akanyamaza kwa kuogopa kuulizwa alikuwa akifanya nini pale, huwaacha watu wote wa bondeni bila maji. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwakani vijana wengine watateremka kutoka milimani kwenda Same wakiwa na vyeti vyao mkononi. Watakayoyatenda katika dakika kumi za kukaa mbele ya kompyuta ile yatawafuata kwa miaka yote ya masomo yao, na pamoja nao yataingia katika mtandao wa chuo kitakachowapokea. Mwalimu aliye nao darasani leo ndiye mwenye nafasi ya kuwaambia, kabla hawajaondoka, kwamba maji ya ndiva ni ya wote, lakini kila mtu ana zamu yake.